José Mujica wa Uruguay: gari lake, bunduki zake na alichokiacha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye magrupu naona sana picha za yule rais wa zamani wa Uruguay, José Mujica, akiwa na kigari chake cha Volkswagen, wanasema ndiye aliyekuwa rais maskini kuliko wote duniani na kwamba alipigana na udikteta mpaka akafungwa. Wengine wanajibu kwamba alikuwa jambazi wa mabenki tu na ule umaskini ni maigizo ya kutafuta kura. Niko chuo mwaka wa pili, nataka kujua ukweli, yule mzee alikuwa nani hasa na aliifanyia nini nchi yake?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuleta pande zote mbili, maana watu wengi wanashika picha moja ya Mujica wanaondoka nayo. Nikuambie mapema msimamo wangu: namheshimu sana yule mzee, ila namheshimu kwa mambo ambayo kwenye hizo picha hayaonekani kabisa. Na hao wanaosema alichukua bunduki kupigana na udikteta wamekosea miaka, kosa ambalo ni kubwa kuliko linavyoonekana, ndiyo maana nitakaa hapo kwa muda.

Kwanza alizaliwa tarehe 20 Mei 1935 Montevideo, pembezoni kabisa mwa mji, eneo la Paso de la Arena ambalo enzi zile lilikuwa nusu mji nusu shamba. Baba alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, mama yake Lucy Cordano akabaki na watoto wawili na mashamba, wakawa wanalima na kuuza maua. Hiyo kazi ya maua aliijua tangu utotoni na hakuiacha, hata akiwa mwanasiasa mkubwa yeye na mkewe walikuwa bado wanalima maua ya kuuza. Ujanani alishindana mbio za baiskeli. Na siasa alianzia chama cha National, wenyewe wanawaita Blancos, chama cha zamani chenye mizizi kwa watu wa mashambani, kwa hiyo sio kweli kwamba alizaliwa mkomunisti kama wengine wanavyoandika.

Halafu lazima uijue Uruguay yenyewe, la sivyo hutaelewa kitu. Ni nchi ndogo ya watu kama milioni 3.4 na ng'ombe kama milioni 12, imebanwa kati ya Brazil na Argentina. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na rais anaitwa José Batlle y Ordóñez ambaye alijenga dola la kuhudumia wananchi kabla ya nchi nyingi duniani, talaka, elimu ya bure, sheria ya kufanya kazi saa 8 kwa siku ilipita 1915, dini ikatenganishwa na serikali. Hela ya kuendesha yote hayo ilitoka kwenye nyama na sufu waliyokuwa wanauza Ulaya. Vita vya Pili vya Dunia vikiisha na Ulaya ikijitengeneza, kuanzia kati ya miaka ya 1950 soko likalegea, bei zikapanda, mishahara ikawa hainunui kitu, wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule kaskazini wakaanza kuandamana kwa miguu mpaka Montevideo wakidai ardhi. Aliyekuwa anawapanga ni mwanasheria mmoja, Raúl Sendic. Huyo ndiye aliyekuja kuanzisha kundi la wapiganaji la Tupamaros, jina lililotokana na Túpac Amaru wa Pili, kiongozi wa Wahindi Wekundu wa Peru aliyeasi dhidi ya Wahispania karne ya 18. Mujica akaingia humo miaka ya 1960.

Sasa angalia miaka vizuri. Mapinduzi ya kijeshi Uruguay yalifanyika tarehe 27 Juni 1973. Tupamaros walianza karibu miaka 10 kabla ya hapo, wakati nchi ina bunge, ina vyama na inafanya uchaguzi. Serikali waliyokuwa wanapigana nayo ilichaguliwa. Ni kweli ilikuwa imeanza kuharibika, rais Jorge Pacheco Areco kuanzia 1968 alitawala kwa amri za dharura, magazeti yakafungiwa, wanafunzi wakapigwa risasi mitaani, mmoja wa kwanza kufa alikuwa Líber Arce, Agosti 1968. Lakini udikteta ulikuwa haujafika. Na jeshi liliwamaliza Tupamaros mwaka 1972, yaani kabla ya mapinduzi. Walioipindua nchi 1973 walikuta wapiganaji wameshakufa au wako ndani. Kwa hiyo ukisema Mujica alishika bunduki dhidi ya madikteta unampa heshima ambayo historia haimpi, na wakati huohuo unalikwepa swali gumu ambalo Wauruguay wenyewe wanabishana mpaka leo, kwamba je, wale vijana walisaidia kuwafungulia wanajeshi mlango? Kuna wanaosema ndiyo, kuna wanaosema jeshi lingekuja tu kama lilivyokuja Brazil 1964 bila Tupamaros wowote na kama lilivyokuja Chile mwaka huohuo wa 1973. Mimi naona majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, jeshi lilikuwa na njaa yake ya madaraka, ila vita vya mitaani viliipa chakula.

Mwanzoni wananchi wengi waliwapenda. Waliiba benki, walivamia kampuni ya fedha wakachukua vitabu vya hesabu wakaanika hadharani dili chafu za wakubwa, waliteka malori ya chakula wakagawa kwenye mitaa ya watu wa hali ya chini. Oktoba 1969 waliuteka mji mzima wa Pando kwa muda mfupi, na Mujica alikuwepo. Ila bunduki ikishatoka haichagui. Mwisho wa Julai 1970 walimteka, na Agosti wakamuua, Dan Mitrione, Mmarekani aliyekuwa anawafundisha polisi na ambaye alituhumiwa kufundisha mateso. Januari 1971 wakamteka balozi wa Uingereza, Geoffrey Jackson, wakakaa naye miezi 8. Na mwisho wa 1971 kundi lilimuua Pascasio Báez, kibarua wa shambani kabisa, ambaye kosa lake lilikuwa kukuta maficho yao kwa bahati mbaya, walimchoma sindano ya dawa. Huyu Báez nakutajia makusudi. Kundi lililosema linapigania watu wa mashamba lilimuua mtu wa shambani asiye na hatia, na ukisoma habari za Tupamaros bila kumkuta huyo mtu ujue unasoma hadithi iliyooshwa.

Kwa upande wa Mujica mwenyewe, Machi 1970 polisi walimkuta kwenye baa moja Montevideo, wakarushiana risasi, akapigwa risasi 6, madaktari wakamuokoa. Akapelekwa gereza la Punta Carretas. Septemba 1971 wafungwa 111 walitoroka humo usiku mmoja, 106 wakiwa Tupamaros, walichimba handaki kutoka selo mpaka nyumba iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na yeye alikuwa mmoja wao. Akakamatwa, akatoroka tena 1972, akakamatwa tena mwaka huohuo. Hapo ndipo hakutoka. Lile gereza leo ni shopingi moli, watu wanakula aiskrimu palipokuwa na selo.

Jeshi lilipochukua nchi liliwachagua viongozi 9 wa Tupamaros likawafanya mateka. Maana yake ilikuwa wazi, kundi likifanya shambulio lolote huko nje, hawa wanauawa. Walitenganishwa watatu watatu wakawa wanahamishwa kambi hadi kambi miaka nenda rudi, Mujica alikuwa pamoja na Mauricio Rosencof, ambaye ni mwandishi, na Eleuterio Fernández Huidobro. Pamoja ni neno tu, kila mmoja alikaa peke yake, hawaruhusiwi kusema na mtu, muda mrefu hata kitabu hakuna. Kuna kipindi walikaa kwenye mashimo chini ya ardhi. Mujica alisimulia kwamba alifanya urafiki na vyura na panya, na kwamba sisimizi ukiwasogeza karibu na sikio unawasikia wakipiga kelele. Akili ilianza kumchanganya, akawa na hakika kuna mashine imefichwa ukutani inamsikiliza, inapiga kelele kichwani mwake. Daktari wa magonjwa ya akili aliyeletwa na jeshi ndiye alisaidia mpaka akaruhusiwa kusoma, akaanza na vitabu vya sayansi, na mwenyewe anasema vidonge hakuvimeza. Jumla alikaa ndani kama miaka 13. Aliingia akiwa na miaka ya thelathini na kitu, alitoka akikaribia 50.

Sasa nirudi kwenye swali lako la maigizo. Mimi nakwambia kwa moyo wangu wote, mtu ambaye amelala miaka sakafuni hafundishwi na mshauri wa siasa jinsi ya kuishi kwenye nyumba ndogo. Alikuwa anaeleza mwenyewe, kwamba kule shimoni alifika mahali usiku akipewa godoro anaona siku hiyo amefanikiwa. Baada ya hapo ikulu yenye watumishi ilimpa nini? Alipochaguliwa alibaki palepale Rincón del Cerro, nje ya Montevideo, kwenye kanyumba ka shamba alikokuwa anaishi na mkewe tangu zamani, maji ya kisima, nguo zinaanikwa nje, polisi wawili wa ulinzi na mbwa wake Manuela aliyekuwa na miguu mitatu. Aliishi hivyo kabla ya urais, wakati wa urais, na miaka 10 baada ya urais mpaka anakufa. Maigizo gani hayo yanaendelea wakati jukwaa limeshabomolewa?

Ila na hao wa "rais maskini kuliko wote" nao wapunguze. Mwaka 2010 tamko lake la mali lilionyesha kitu kimoja tu, ile Volkswagen Beetle ya bluu ya 1987 yenye thamani ya dola 1,800 hivi, na dunia nzima ikaandika hivyo. Mwaka 2012 akaingiza na nusu ya mali ya mkewe, ardhi, nyumba na matrekta, ikafika kama dola 215,000. Hiyo sio hela ya tajiri lakini sio ya fukara pia, ni ya mkulima mdogo mwenye eneo lake. Mshahara wa rais ulikuwa karibu dola 12,000 kwa mwezi, na karibu asilimia 90 alikuwa anaitoa, sehemu kubwa ikienda kwenye Plan Juntos, mpango wa kujenga nyumba za familia zenye hali mbaya kabisa ambapo wenye nyumba wenyewe wanashiriki kujenga. Na yeye mwenyewe alikataa kuitwa maskini, alisema maskini ni yule ambaye anahitaji vitu vingi sana na haridhiki. Alitaka muda. Kila kitu unachonunua, alikuwa anasema, unakilipia kwa saa za maisha yako ulizotumia kuitafuta ile hela. Hiyo hoja aliitoa kwa ukamilifu Juni 2012 Rio de Janeiro, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira, akairudia New York Septemba 2013.

Turudi nyuma kidogo kwenye siasa zake. Udikteta haukuondolewa na bunduki za mtu yeyote, uliondolewa na kura na maandamano. Novemba 1980 wanajeshi walileta katiba yao ili wajihalalishe, wakawaachia watu wapige kura wakijua watashinda, wananchi wakasema hapana kwa asilimia 57 hivi. Kutoka hapo ikawa mazungumzo mpaka utawala wa kiraia ukarudi Machi 1985, na mwezi huohuo sheria ya msamaha ikawatoa Tupamaros. Kile kilichofuata ndicho mimi nakihesabu kuwa kazi yake kubwa kuliko zote na hakiko kwenye picha hata moja. Yeye na wenzake waliamua hakuna kurudi kwenye bunduki. Mwaka 1989 wakaanzisha chama, MPP, ndani ya muungano wa mrengo wa kushoto unaoitwa Frente Amplio uliokuwepo tangu 1971, wakaanza kutafuta kura nyumba kwa nyumba kama watu wengine. Akachaguliwa mbunge 1994. Kuna kisa kinasimuliwa sana Uruguay, kwamba siku ya kwanza alifika bungeni na Vespa, mlinzi wa pale akamuuliza kama anakaa sana, akajibu wasiponifukuza nakaa miaka 5. Baadaye akawa seneta, na Frente Amplio ilipochukua nchi kwa mara ya kwanza 2005 chini ya daktari Tabaré Vázquez, akapewa wizara ya mifugo, kilimo na uvuvi. Wizara hiyo kwenye nchi ya ng'ombe milioni 12 unaweza kufikiria uzito wake, na ndiko watu wa mashambani ambao hawakuwahi kuupigia kura mrengo wa kushoto walianza kumuelewa, maana anaongea lugha yao, anajua udongo na mvua.

Mwaka 2009 akamshinda Danilo Astori, mchumi wa watu, kwenye kura za ndani za muungano, halafu badala ya kumtupa akamfanya mgombea mwenza na kumuachia uongozi wa mambo ya uchumi. Novemba 29 akamshinda rais wa zamani Luis Alberto Lacalle kwenye duru ya pili. Tarehe 1 Machi 2010 aliyemuapisha bungeni alikuwa mkewe, Lucía Topolansky, kwa sababu kwa utaratibu wao seneta aliyeongoza kwa kura ndiye anafanya hiyo kazi. Na huyo mama usimpite haraka, naye alikuwa Tupamaro, naye alifungwa miaka mingi, walijuana wakiwa mafichoni na kuoana rasmi 2005 tu, na baadaye 2017 akawa makamu wa rais. Wanaoandika habari za Mujica wanamfanya yeye mke wa mkulima, wakati ni mwanasiasa mwenye uzito wake kamili.

Alifanya nini kwenye miaka yake 5? Sheria tatu ndizo zilizotikisa dunia. Oktoba 2012 utoaji mimba ukaruhusiwa mpaka wiki ya 12, na hapa kumbuka kwamba Vázquez wa chama chake mwenyewe aliipiga veto sheria kama hiyo 2008. Mwaka 2013 ndoa za jinsia moja. Na Desemba 2013 bangi, Uruguay ikawa nchi ya kwanza duniani kuhalalisha na kusimamia mnyororo wote kuanzia kulima mpaka kuuza. Hizi sheria najua kwetu zinagawa watu na sikuandikii ili ukubaliane nazo, nataka uelewe alivyofikiri. Kwenye bangi hakuwahi kuisifia hata siku moja, alisema ni uraibu mbaya kama mengine. Hoja yake ilikuwa kwamba miaka na miaka polisi wamepigana nayo na anayenenepa ni mfanyabiashara wa magendo, basi serikali imnyang'anye soko. Kwa hiyo sheria yenyewe ni kali, lazima ujiandikishe, nyumbani mwisho miche 6, kwenye famasi mwisho gramu 40 kwa mwezi, mgeni wa nje haruhusiwi kununua. Tafiti za maoni zilionyesha wananchi wengi hawaitaki, akasukuma hivyohivyo. Na je, iliua magendo? Hapana, soko la bangi ya magendo lilipungua lakini magenge yana kokeini, na mwaka 2018 mauaji Uruguay yalipanda kuliko ilivyokuwa imezoeleka. Anayekuambia ile sheria iliokoa nchi na anayekuambia iliiangamiza, wote wawili wameruka hesabu.

Kitu ambacho watu hawakisemi kabisa ni umeme. Mwaka 2010, mwanzo wa kipindi chake, vyama vyote bungeni vilikubaliana kwenye sera moja ya nishati ya muda mrefu, mpango ulioandaliwa na mwanafizikia Ramón Méndez tangu wakati wa Vázquez, wakaanza kusimamisha mitambo ya upepo kwenye malisho ya ng'ombe. Nchi isiyo na mafuta wala gesi, iliyokuwa ikikosa mvua inanunua umeme kwa jirani kwa bei ya kuumiza, mpaka 2015 karibu asilimia 95 ya umeme wake unatoka kwenye maji, upepo, jua na mabaki ya mimea. Na serikali zilizofuata, hata ya wapinzani, haikuibomoa sera ile. Ukiniuliza urithi wa serikali yake unaoshikika kwa mkono, ningekuonyesha yale mapangaboi. Umaskini nao, kwa takwimu zao za taifa, ulitoka kama asilimia 40 mwaka 2004 ukafika 18 na kitu mwaka 2010 na chini ya 10 mwaka 2014. Sehemu ni kazi ya Vázquez, sehemu ni bei nzuri za soya na nyama duniani wakati ule, na sehemu ni mabaraza ya mishahara ambapo wafanyakazi, waajiri na serikali wanakaa meza moja, kwa hiyo asipewe sifa yote yeye.

Na aliposhindwa alishindwa kweli. Siku ya kuapishwa alisema kipaumbele ni elimu, elimu, elimu na tena elimu. Miaka 5 ikaisha shule za sekondari zikiwa zilezile, vijana wengi wanaacha katikati, alivutana na vyama vya walimu na mfumo ukamshinda. Alichofanikiwa ni kuanzisha chuo kikuu cha teknolojia, UTEC, 2012, makusudi kiwe mikoani badala ya Montevideo. Shirika la ndege PLUNA lilifungwa Julai 2012, mnada wa ndege zake ukageuka skendo, waziri wake wa uchumi Fernando Lorenzo akajiuzulu Desemba 2013. Bandari ya kina kirefu ya Rocha haikujengwa, reli haikufufuka, mgodi mkubwa wa chuma uliosababisha ugomvi na wakulima haukufunguliwa. Alikuwa mtu wa mawazo mengi kuliko utekelezaji, hata marafiki zake walisema hivyo. Na mdomo wake ulimponza, 2013 maikrofoni ilimnasa akimtukana rais wa Argentina, Cristina Kirchner, na mume wake aliyekwisha fariki, ikabidi aombe radhi.

Lakini doa zito kwangu liko kwingine. Wanajeshi wa ule udikteta walikingwa na sheria ya Desemba 1986 iliyozuia kuwashtaki, wananchi wakaipigia kura 1989 ikabaki, wakaipigia tena tarehe 25 Oktoba 2009 ikabaki, siku ileile ambayo Mujica aliongoza duru ya kwanza ya urais. Yeye kama rais hakuwa na moto wa kuiondoa. Alisema hataki kuona wazee magerezani, na swahiba wake wa mashimoni Fernández Huidobro, aliyemfanya waziri wa ulinzi 2011, akawa anagombana na mashirika ya haki za binadamu. Ni kweli mwaka 2011 bunge lilipitisha sheria ya kufungua kesi, na Machi 2012 yeye mwenyewe alisimama bungeni kukiri makosa ya dola kwenye kesi ya Gelman, familia ambayo mmoja wao alipotezwa enzi za udikteta, baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za bara la Amerika kuiamuru Uruguay. Ila familia za watu karibu 200 waliopotezwa zilitarajia kwamba mtu aliyetoka shimoni atakuwa wa kwanza kuwatafutia mifupa ya ndugu zao. Kila tarehe 20 Mei tangu 1996 wanaandamana Montevideo kimya kimya, wameshika picha, na tarehe hiyo imeangukia kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Mimi naelewa kwamba alisamehe yaliyokuwa yake, na hilo ni kubwa mno, wengi wetu tusingeweza. Ila deni la kupotezwa kwa mtoto wa mama mwingine halikuwa lake kulisamehe, na hapo nasimama na wale kina mama.

Kuhusu alivyoondoka. Katiba yao hairuhusu rais kugombea vipindi viwili mfululizo, na hakujaribu kuigusa hata kidogo, Machi 2015 akamkabidhi Vázquez akarudi useneta. Shambani kwake alitoa ardhi ikajengwa shule ya kilimo ya vijana wa eneo lile. Oktoba 2020, kipindi cha korona, akaachia useneta siku moja na Julio María Sanguinetti, rais wa zamani wa chama cha Colorado ambaye ni mpinzani wake wa miaka yote, wakakumbatiana bungeni. Ile picha ya kukumbatiana ndiyo ningetamani isambae kwenye magrupu badala ya ile ya gari. Aprili 2024 akatangaza ana saratani ya umio, akatibiwa kwa mionzi, akiwa amekonda na sauti haitoki vizuri bado alizunguka kumpigia kampeni Yamandú Orsi, mwalimu wa historia kutoka MPP, ambaye alishinda Novemba 2024. Januari 2025 akasema saratani imefika kwenye ini, hataki matibabu zaidi, anaomba aachwe apumzike. Alifariki tarehe 13 Mei 2025, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 90, na majivu yake yamewekwa palepale shambani alipomzika Manuela, kama alivyoagiza.

Kwa hiyo wale wa magrupu wote wawili wana kipande. Benki aliiba, hilo halina ubishi, mwenyewe hakulificha. Alilipa kwa miaka 13 ambayo hakuna hakimu wa haki angempa mtu, akatoka akaamua kuomba kura kwa watu walewale aliokuwa anataka kuwakomboa kwa nguvu, wakampa. Ukitaka kuandika kazi ya chuo juu yake, nakushauri usianze na gari. Anza na 1985 mpaka 1994, ile miaka 9 ya kundi la wapiganaji kujigeuza chama cha kura, maana hapo Amerika ya Kilatini ina mifano mingi ya kulinganisha, Kolombia, El Salvador, Brazil, na Uruguay ndipo ilipokwenda vizuri kuliko sehemu nyingi. Hotuba yake ya Rio ya 2012 iko kwenye video mtandaoni, ni fupi, isikilize mwenyewe kabla hujaamini nukuu yoyote yenye picha yake, kwa sababu nyingi zinazozunguka hakuzisema yeye. Ukikwama kwenye ishu ya sheria ya 1986 niandikie tena, ile ina mambo mengi na nitakuelekeza hatua kwa hatua.